Kihenge cha Mkaa

Nyandira, Mgeta,
Morogoro.
18 Agosti 2024

Mpendwa Mama mdogo Catherine,

Shikamoo mama yangu. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na lile goti limepata nafuu. Baba mdogo naye hajambo? Na joto la Mpanda, bado linawafukuza ndani mkalale barazani? Sisi huku wote wazima, tunamshukuru Mungu. Regina hajambo kabisa, na nikisema kabisa sisemi kwa kujaza salamu tu. Kikohozi hana, mafua hana, na jana alikula viazi vyake viwili akammalizia na baba yake.

Nimeona niandike kwa sababu kwenye simu mtandao wa huku unakatika hata shikamoo haijaitikiwa. Tena kuna neno sitaki likufikie vipandevipande. Nitalifikia, ila kwanza nikueleze lilikotokea.

Unakumbuka mwaka jana mwezi wa saba Regina alilazwa siku tisa kwa nimonia. Mkaa wetu ulikuwa umelowa wote, nikarudi kwenye kuni, nazo mbichi, nyumba ikajaa moshi. Nesi akaniambia mtoto aliyezaliwa njiti kifua chake hakitaki baridi na hakitaki moshi. Jiko liwashwe nje, liingizwe mkaa ukishakuwa mwekundu wote, dirisha liachwe wazi, na litolewe kabla hatujalala. Tangu siku hiyo kwangu mkaa mkavu ni dawa ya mtoto.

Sasa huku mkaa hauji kila siku. Unapanda na malori yanayofuata kabichi, na mvua ikiharibu barabara ndiyo basi tena. Lazima ununue mapema uutunze, na ukungu wetu unaujua, unaingia mpaka kwenye sanduku la nguo.

Mwezi wa nne nilipomwachisha Regina ziwa, Mjomba Castory akatuma ujumbe kutoka Bigwa, kule chini Morogoro mjini. Alisema mtoto ashuke, akae kwake na mkewe Esther mpaka baridi iishe. Unajua mwenyewe kwetu Waluguru, mjomba akishasema, baba wa mtoto anabaki kukohoa tu. Rogers wangu akakohoa. Mimi nikamwomba mjomba anipe mpaka mwezi wa saba, aje aione nyumba kwa macho yake, ndipo aamue. Akakubali, ila kwa shingo upande.

Basi nikaanza kujenga. Nilijenga kihenge kama cha mahindi, maana ndicho ninachokijua. Nikasuka fito na mianzi, nikakikandika udongo ndani na nje, nikakilainisha kwa kiganja mpaka kikapendeza. Siku ya tatu lori likafika, nikamimina magunia mawili papo hapo. Mama mdogo, udongo ulikuwa haujakauka! Mahindi tunayasubirisha wiki tatu, lakini mkaa nikauona ni mkaa tu, utadhurika nini? Kumbe mkaa unakunywa maji kuliko ng'ombe. Wiki moja baadaye nauwasha, unalia, unarusha cheche, moshi unanitoa machozi.

Jirani yangu Magreth akapita, akachungulia ndani ya kihenge. "Shoga, mahindi yako ya mwaka huu meusi kweli. Utayakoboa au utayasaga hivyohivyo?"

Rogers naye, badala ya kunitetea: "Mwache mke wangu. Mtoto kamwachisha, mkaa ndio anaunyonyesha."

Nilicheka nao. Nikaingia ndani nikalia kidogo, halafu nikatoka.

Cha pili nilikijenga kwa kuuliza. Magreth huyohuyo mwenye mdomo ndiye aliyenipa mabati manne ya zamani, yana matundu ya misumari lakini si mabaya. Tuliyaziba kwa lami. Rogers akachimbia nguzo za mkaratusi, tukaweka mawe chini ili sakafu isiguse ardhi. Sakafu yenyewe ni mianzi iliyoachanishwa kidogo, hewa inapita, na chenga zinadondoka chini ninazikusanya. Paa lake nimelilaza upande mmoja kama la nyumba. Juu kuna mfuniko wa kumiminia, na mbele kwa chini kuna kimlango cha kuchotea, ili mkaa wa zamani uanze kutoka. Bawaba zake nimekata kwenye ndala kuukuu za Rogers. Bado anazidai.

Ule mkaa uliolowa niliuanika juu ya turubai. Jua likitoka nauanika, ukungu ukishuka naukusanya, mbio mbio kama kuku anayeona mwewe. Siku kumi na moja! Niliupima kwa kugonga kipande kwa kipande. Ukiwa na maji unatoa sauti ya kitu kilichokufa, ukikauka unalia kama kigae. Ulipolia wote ndipo nikauingiza.

Mjomba alifika katikati ya Julai, siku ya manyunyu, hata msalaba wa kanisani hauonekani. Mkononi alikuwa na blanketi jipya, bado limo kwenye nailoni. Akamsalimia Regina kwanza. Yeye anamwita dada, kwa kuwa amebeba jina la marehemu mama. Halafu akanigeukia mimi, hata chai hajanywa.

"Haya mpwa wangu, mfungashie mtoto."

"Mjomba, ulisema utaangalia kwanza."

"Nimeangalia. Nimepanda kutoka barabarani mpaka hapa sijauona mlima. Unataka niangalie nini tena?"

Hapo ndipo nilipolisema lile neno. Nilimwambia, "Mimi nilipelekwa Mpanda kwa miezi mitatu, nikakaa miaka kumi na mmoja. Mwanangu hatalelewa hivyo."

Rogers safari hii hakukohoa. Aliweka kikombe chini akasema, "Mjomba, njoo nyuma ya nyumba," wakatoka, mimi nikawafuata na mtoto mgongoni.

Mjomba alikizunguka kile kihenge cha mabati mara mbili. Alisukuma nguzo kwa bega, akapitisha fimbo chini ya sakafu. Akafungua kimlango, akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, suti yake ya safari na yote. Akatoa vipande viwili, akavigonga sikioni. Vikalia. Akaingiza tena mkono, upande wa pembeni kwenye bati, nikajua anatafuta unyevu. Moyo wangu ulikuwa unapiga mpaka Regina mgongoni akaniuliza, "Mama, nini?"

Akavuta mkono, mweusi tii. "Nani kajenga?"

"Mkeo huyu," Rogers akasema, kwa utani kwamba kama mtoto ni wa wajomba, basi na mama yake ni mke wao. Mjomba akacheka bila kutaka.

Hakuamua palepale. Alikaa kutwa nzima chumbani na Regina, dirisha wazi, jiko likiwa limewashwa nje na kuingizwa. Mchana akavua koti. Saa kumi akaomba maji, akasema kwake Bigwa Esther huwa analalamikia mkaa uliolowa mvua. Halafu akafungua nailoni, akamfunika Regina lile blanketi pale alipolala, akasema, "Dada abaki kwake." Akaondoka na gari la mwisho.

Na kweli amebaki. Mwezi wa saba umepita, mwezi huu nao unakatika, na hajakohoa hata usiku mmoja.

Sasa Mama mdogo, lile neno. Najua Mjomba alikuhadithia, kwa sababu tulipoongea mara ya mwisho uliniitikia kwa mkato. Sikulala njaa kwako hata siku moja. Shule ndogo niliyonayo umenipa wewe, hata mwandiko huu unaousoma ni wa mkono wako uliokuwa juu ya mkono wangu. Mama alikuwa mgonjwa, hapakuwa na njia nyingine, na sikulaumu. Ila nikueleze jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu. Nilipotoka kwa mama nililia siku mbili. Nilipotoka kwako kurudi kwa mama nililia mwezi mzima, na mama alikuwa ananiona. Alikuwa ananifuta machozi tu. Ndiyo sababu sikutaka Regina ashuke. Si kwa kuwa nililelewa vibaya, ni kwa kuwa nililelewa vizuri mno na mtu mwingine.

Ukija Desemba utalala chumba chenye moto. Njoo, usiogope milima, Rogers atakupokea barabarani na punda wa jirani kwa ajili ya goti.

Nisalimie sana Baba mdogo, mdogo wangu Jesca na wanawe, na Mama Erick wa nyumba ya pili kama bado yupo. Magreth anakusalimu ingawa hakujui, anasema lazima umjue aliyetoa mabati. Regina nimempa kalamu akuandikie, ule mchoro wa pembeni ndiyo salamu yake.

Mungu akulinde, akupe miguu ya kunifikia.

Mimi mwanao akupendaye, wa kwanza kukuita mama Mpanda nzima,

Eufrazia