Baba, Nilikuandika Marehemu

Lubumbashi, Jumapili mchana

Kwa baba yangu Banza Célestin, Kabalo

Baba,

Jambo sana kwako, na kwa mama pia. Mguu unaendeleaje na mvua hizi? Mama aliniambia kila asubuhi unakubali akukande kwa maji ya moto, nikashukuru, maana nakujua ulivyo mgumu kutunzwa. Mimi mwilini ni mzima. Ninakula, ninatembea. Ya moyoni ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu.

Ninaandika kwa sababu simu yangu umeikataa, na haki unayo. Kila nikipiga, mama ananiambia uko shambani, nami nasikia kikohozi chako pale pale kando yake. Barua hii anakuletea mzee Kalenga, rafiki yako wa zamani wa gari moshi. Habari umezipata kwa vinywa vya watu, vipande vipande. Naomba uzisikie zote kwangu.

Mwaka ule mto ulipopanda ukala shamba la karanga, mimi nilikuwa naingia mwaka wa tatu wa udaktari wa wanyama. Huku asiyelipa minerval, ada ya chuo, haingii mtihani. Uliniambia nivumilie, utatafuta njia. Baba, nililijua paa la nyumba yetu, na nilijua kwamba mabati ndiyo kitu pekee kilichobaki cha kuuza. Nikasema moyoni, safari hii nitajitafutia mwenyewe.

Nilianza kwa njia ya haki, uniamini. Niliomba bourse, msaada wa kulipiwa masomo, mahali patatu. Pa kwanza walitaka watoto wa wafanyakazi wao wa mgodini. Pa pili walitaka alama za juu kuliko zangu. Pa tatu sikujibiwa mpaka leo. Ndipo Solange, mwenzangu wa chumba, akaniambia habari za mama Pauline, mjane mmoja anayekaa mtaa wa Golf. Marehemu mumewe alikuwa daktari, na alisoma akiwa yatima, kwa fadhila za watu. Alipokufa alimwachia mkewe neno moja: kila mwaka asomeshe watoto wanne waliofiwa na baba.

Solange alinieleza tu kama habari, hakunituma kutenda ovu. Mimi ndiye niliyekaa siku tatu na lile wazo, siku ya nne nikaenda kwa mtu mmoja anayeuza karatasi za uongo za kila namna, hata vyeti vya kifo, kando ya barabara. Aliniuliza jina la marehemu. Nikataja lako. Akaniuliza alikufa na nini. Nikasema malaria. Akaandika bila kuinua macho, kwa mwandiko mzuri sana, kisha akapuliza wino ukauke. Nilirudi nyumbani kwa miguu, ile karatasi imefungwa ndani ya daftari, nikiogopa hata kuigusa.

Mama Pauline alinipokea barzani kwake. Hakutazama karatasi kwanza. Aliniuliza, "Baba yako alikuwaka muntu wa namna gani?"

Nilikuwa nimetayarisha maneno machache ya uongo, yakanipotea yote. Nikamweleza wewe. Nikamweleza ulivyokuwa unapanga njia za gari moshi kwenye stesheni, na jinsi ulivyonifundisha kusoma kwa majina yaliyoandikwa kwenye mabehewa. Nikamweleza kwamba walimu walipotufukuza kwa sababu ya ada, wewe ulinirudisha darasani ukakaa nami kwenye dawati, ukiwa umevaa kofia yako ya kazi, mpaka mkurugenzi wa shule akaona haya. Nilisema kwamba hujawahi kuniambia, "Weye ni musichana tu." Nikaanza kulia. Mama Pauline naye akalia. Baba, katika yote niliyomwambia siku ile, uongo ulikuwa neno moja tu, kwamba hayo yote yamekwisha.

Nafasi nilipewa. Nililipiwa minerval, nikanunuliwa vitabu pia. Nilikuambia kwenye simu kwamba nimepata bourse kwa ajili ya alama zangu. Ukaniita daktari. Nilisikia ukimwita mama kwa sauti ili naye asikie, na mimi huku nikauma kidole.

Mwezi wa wafu ulipofika, mama Pauline aliomba misa kwa ajili ya baba za watoto wake wote wanne. Tulikaa mstari wa mbele. Padri akasoma majina, na la tatu lilikuwa lako. Nikainamisha kichwa nikalia. Sikujua kwamba nyuma, karibu na mlango, mzee Kalenga alikuwa amekaa. Alikuja mjini kutibiwa macho. Alisikia jina la rafiki yake aliyefanya naye kazi miaka mingi, akaniona mimi mbele nikilia, akaamini.

Alijaribu kupiga Kabalo, mtandao ukakataa. Akapiga Kamina, kwa shangazi Hortense, kumpa pole ya kaka yake.

Yaliyofuata uliyaona wewe kwa macho, mimi nilisimuliwa na mama. Kwamba shangazi, na umri wake ule na magoti yake yale, alipanda gari moshi siku hiyo hiyo. Kwamba alishuka stesheni akilia kwa sauti, wanawake wa sokoni wakaacha biashara zao wakamfuata, na kundi zima likafika mlangoni kwetu. Na wewe ukatoka nje na povu la sabuni mashavuni, wembe mkononi, ukiuliza nani amekufa. Mama anasema shangazi alikuangalia tu, akakaa chini palepale udongoni.

Mtu mwingine angeweza kucheka. Mimi siwezi.

Siku ile mama alinipigia, kisha wewe ukachukua simu. Uliniuliza swali moja. "Godelive mwana, nilikukosea nini?"

Mimi nikazima simu. Katika yote niliyoyatenda, hilo ndilo linaloniamsha. Karatasi ile niliinunua kwa woga wa kukosa masomo, lakini kuzima simu, wakati baba yangu ananiuliza amenikosea nini, sina sababu ya kukupa. Hukunikosea kitu, baba. Jibu lilikuwa fupi hivyo, na lilinishinda.

Kesho yake nilikwenda Golf bila kuitwa. Nilimkuta mama Pauline anapanga vitabu vya mumewe, nikamwambia yote nikiwa nimesimama. Aliweka chini kitabu alichokishika. Kisha akaniuliza:

"Siku ile ulilia. Ulikuwa unalia nini?"

"Nilikuwa namlilia baba."

"Na baba iko muzima."

"Ndiyo mama. Iko muzima."

Hakunifukuza, wala hakunitukana. Alitoa ile karatasi, akaichana vipande vidogo, akasema ile nafasi haikuwa yake wala yangu, ilikuwa ya mtoto mwingine aliyemrudisha mlangoni kwa sababu yangu. Jina lake Faida, mkaaji wa Kasungami, pembeni ya mji. Alinitaka niende nikamwambie mwenyewe, kwa mdomo wangu.

Nilikwenda. Faida nilimkuta shambani na mama yake, wanalima matuta ya viazi. Ni mdogo kuliko mimi, mwembamba. Alisimama akiegemea jembe akanisikiliza mpaka mwisho. Nilingoja aniapize. Aliuliza tu kama baba yangu ni mzima kweli. Nikasema ndiyo. "Basi shukuru Mungu," akasema, akainama akaendelea kulima. Mama Pauline amemwahidi kumwandikisha mwaka ujao, kwa kuwa mwaka huu milango ya chuo ilikwisha kufungwa. Mwaka wake mzima nimeula mimi, na hakuna mahali pa kuurudisha.

Masomo nimeyasimamisha. Ninafanya kazi kwenye kibanda cha fotokopi karibu na chuo, ninawachapia wanafunzi barua zao za kuomba bourse. Nikipata ya kutosha nitarudi darasani kwa jasho langu. Usiuze kitu chochote, baba. Usiguse paa.

Nilipomwomba mzee Kalenga akuchukulie barua hii, hakuipokea mara moja, maana hata yeye nilimtia aibu mbele ya watu. Kisha akanijibu, "Barua nitapeleka. Lakini kuomba samahani, utaenda weye mwenyewe."

Nami nimekubali. Nauli nikiipata nitakuja. Sitangoja giza, wala sitapita njia ya nyuma ya stesheni. Nitapita katikati ya soko, kwa wale wanawake walioacha bidhaa zao wakakulilia, na kila atakayeniuliza nitamjibu kwamba aliyesema uongo ni mimi. Ukikataa nisiingie ndani, nitakaa kwa mjomba mpaka utakaponiita. Na usiponiita, nitakuwa nimekuona.

Nisalimie mama, aliyebeba maneno yetu sisi wawili bila kumwaga. Nisalimie mdogo wangu Patrice, na umwambie daftari nilizomwahidi atazipata kwa mzee Kalenga. Nisalimie mjomba na mkewe. Kwa shangazi Hortense sina salamu inayotosha. Mama ananiambia amekataa kurudi Kamina, eti miaka tisa hakukuona na sasa atakula nawe kwanza mpaka achoke. Mwambie magoti yake nitayakanda mimi nikifika.

Mimi mwanao, nisiye yatima,

Godelive