Ndoo ya Kwanza Kisimani kwa Mama

Mtaa wa Shela,
Malindi.
9 Machi, 1987.

Mpendwa mdogo wangu Sheikha,

Asalaamu alaikum. Shikamoo yako naipokea kabla hujaiandika, maana sina hakika kwamba itanikuta. Je, u mzima? Magoti yako yanasemaje? Wanao na wajukuu hapo Maskati, wote hawajambo? Picha ya yule mjukuu wa mwisho nimeiweka karibu na kitanda. Ana paji la uso la baba, na ukali wa baba pia, maskini.

Mimi nipo. Miguu imevimba na pumzi ni fupi, kwa hiyo nalala nikiwa nimeketi. Daktari ni kijana mpole. Nilipomwuliza kama nitaifunga Ramadhani hii, alitazama dirishani. Nilifundisha watoto umri wangu wote, Sheikha. Anayetazama dirishani jibu analo, ila hapendi kulisema.

Barua hii naiandika kwa vipande. Ukiona mwandiko umelala upande, ujue hapo nilipumzika.

Nyumba ni ile ile, ila imekuwa kubwa. Tangu mke wangu atangulie, vyumba vya juu sivipandi. Kuna siku ambazo anayeniita ni muadhini tu, naye huita kila mtu.

Ninalotaka kukuandikia ni habari ya kisima cha mama, kile cha uani. Wasia wake unaukumbuka, maana alitwambia sote wawili tukiwa tumeketi kitandani kwake. Kisima ni wakfu, maji yake hayauzwi, walinzi wake ni sisi wawili, na mmoja asikigeuze bila neno la mwenzake. Na ile desturi yake: ndoo ya kwanza si yako. Kila aliyeteka, ndoo yake ya kwanza aliimimina kwenye mtungi wa mlangoni, kwa ajili ya mgonjwa, mpita njia, na yeyote asiyeweza kuvuta kamba.

Bomba lilipofika mtaani kwetu wewe ulikuwa umekwisha kwenda zako. Mimi nilikuwa diwani, na hakuna aliyelipigania kunishinda. Nilisimama nikasema kwamba maji ni kazi ya serikali, si sadaka ya nyumba ya mtu. Maneno yale siyafuti hata leo. Tusidanganyane, Sheikha. Kisimani kwa mama, wanawake wa Kigiriama waliotoka mashamba walisubiri mpaka wa mjini wamalize. Hakuna aliyewaamuru. Walijijulia tu mahali pao, nasi tukaona ni sawa. Bombani ilikuwa foleni moja. Nilimwona mke wa tajiri amesimama nyuma ya mwuza makuti, nikasema moyoni, huu ndio Uhuru tulioahidiwa.

Basi nikakifunika kisima kwa zege, nikatia mlango wa uani kufuli. Nilikuandikia, ukanijibu kuwa huna kinyongo. Tulichosahau sote wawili ni kwamba maji yalipokwenda bombani, watu nao waliyafuata.

Mwaka jana bomba likaanza kukohoa. Likatoa upepo, kisha likanyamaza. Tuliambiwa tusubiri, na tunasubiri. Mahali pake pameingia mkokoteni wa Thuku, mwenye duka la njia panda, mtu wa bara na mchapa kazi. Anayeusukuma ni Charo, mtu mzima mwenye mvi, na kila asubuhi hupita na madebe ya maji ya kuuza. Mwenye kitu hununua. Asiye na kitu huoshea vyombo maji aliyooshea mchele.

Sasa nikwambie jambo ambalo sijamwambia mtu. Siku bomba lilipokauka, mimi nilifurahi. Niliwasikia wanawake njiani wakilitikisa na kulilaani, nikafikiri, watarudi kwetu. Sikufikiria watoto wala wagonjwa. Nilifikiria sauti uani. Namwomba Mungu anisamehe furaha ile, na nimeona nawe uijue, usije ukaletewa sifa zangu baada ya mazishi ukaziamini zote.

Hawakurudi. Mimi nilingoja waje kuomba, na wao walidhani mwenye kufuli hapendi kuombwa. Tukakaa hivyo miezi.

Aliyekuja ni Thuku. Alitaka kuweka injini kisimani.

"Mzee, maji ya bure haina mwenyewe," aliniambia. "Kamba ikikatika, kila mtu anaangalia mwenzake. Mimi kamba yangu ikikatika nalala njaa. Kwa hivyo haikatiki."

Nikamwambia maji ya kisima hiki hayauzwi. Akacheka. "Na mimi siuzi maji, mzee. Nauza mgongo ya Charo."

Minazi ya mama iliyokuwa ikilipia usafi wa kisima imezeeka na haizai, na hilo Thuku alilijua. Kweli ikitoka kwa mwenye duka humwudhi mwalimu mara mbili.

Labda ni ubishi ule ulionisukuma. Alhamisi iliyopita nilimwita fundi akavunja zege, akafunga kamba mpya. Maji yapo, tena safi, na bado yana ile chumvi yake ndogo. Nikaufungua mlango mkubwa pande zote mbili, kama zamani. Mikeka yetu imeliwa na mchwa, nami nilitaka wanaongoja zamu wapate pa kukaa. Charo alikuwa akipita, nikamwomba aniazimie majamvi msikitini. Akayaleta kwa mkokoteni, akayatandika kutoka ukumbini hadi uani. Sikumwambia ni ya nini, na yeye kwa adabu yake hakuuliza.

Mlango wazi pande zote mbili na majamvi ya msikiti chini, Sheikha. Tangu lini katika mji huu hiyo ikawa ni kitu kingine ila msiba? Mimi niliyezaliwa hapa nilisahau. Charo aliniacha nikiwa hai, kwa hiyo aliyekufa hakuwa mimi. Akajiuliza mzee huyu amebakiwa na nani wa kumlilia, akapata jibu moja tu: dada yake aliye Arabuni. Akausukuma mkokoteni wake mtaa mzima na habari hiyo.

Nilikuwa kitini nikingoja wenye ndoo. Nikasikia kilio. Akaingia Zeina wa nyumba ya pili, mwenzio wa kuteka maji tangu utotoni, kanga imemwanguka mabegani, analitaja jina lako. Nikadhani simu kutoka Maskati imefika kwa wengine kabla yangu. Kwa kitambo kile, ndugu yangu, ulikuwa umekufa. Sikulia. Nilifikiri jambo moja tu: sasa hakuna tena duniani aliyeniona nikiwa mtoto.

Nyuma yake aliingia Mwikali, mshonaji wa Kikamba aliyepanga chumba ubavuni mwetu. Alikuwa na ndoo ya maji kichwani. Na wengine nyuma yake, kila mmoja na yake. Nyumba ya msiba haiteki maji, majirani ndio huiletea. Hata Mwikali, mgeni tena Mkristo, alikuwa ameshaijua desturi hiyo. Maji yale waliyanunua mkokotenini. Walijinyima majumbani mwao ili mimi nipikie waombolezaji wako, wakazipanga ndoo zao kando ya kisima kilichojaa.

Zeina akanishika bega. "Amekufa lini?"

"Nani?"

"Nani tena, Salmin? Sheikha."

"Mimi ndiye ninayekuuliza wewe."

Akayatazama majamvi, akakitazama kisima. "Kwani hukuletewa habari yoyote?"

"Nilifungua mlango watu waje wateke maji."

"Kwa majamvi ya msikiti?" Akajifuta machozi kwa hasira. "Mzee mzima waliza watu burebure, na kichwa chaniuma tangu jana."

Mwikali alikuwa bado amesimama. "Sasa mzee, hii maji yangu nirudi nayo ama?"

Hapo ndipo walipocheka, kwanza mmoja, kisha uani kote. Nami nikalia, sasa, mbele yao, na hakuna aliyeniuliza kwa nini.

Zeina akaikamata kamba. Ndoo ya kwanza, bila kuambiwa, akaenda akaimimina kwenye mtungi. Mwikali akamwuliza mbona anayamwaga. "Ya kwanza si yako, mama," Zeina akamjibu. "Na wewe siku yako yaja." Kisha akachota kikombe mtungini akaniletea. Katika maisha yangu yote niliona ndoo hiyo ikimiminwa, na kila mara ilikuwa ya mtu mwingine.

Thuku naye alifika kutoa pole, kofia mkononi. Alipoeleweshwa alikaa akafikiri. Tumepatana hivi: Charo atateka akina mama wakishamaliza, nao wa Kigiriama hawangoji tena mtu, wanaingia kwa zamu yao. Ndoo ya kwanza ya Charo ni ya mtungi. Thuku atauza mgongo wa Charo, maji yenyewe hatayatia bei, na anayekuja na ndoo yake asizuiwe. Kamba na usafi wa kisima ni juu yake. Amenung'unika, lakini amekubali. Sijui kama itadumu. Mfanyabiashara mwema naye hufa akarithiwa.

Na bomba nataka lirudi. Nimewaambia wasichoke kulidai kwa sababu ya kisima changu. Kisima kimoja hakinyweshi mji, na wema wa jirani haumfikii mtu asiye na jirani. Hilo nalijua vizuri kuliko nilipokuwa diwani.

Ninachokuomba ni neno lako, kama mama alivyotaka. Nataka ulinzi wa kisima tuuache mikononi mwa Zeina na Mwikali. Watu wa ukoo watasema. Mwikali si wetu kwa damu wala kwa dini. Lakini hakujui, na alikununulia maji. Ukikubali, liandike jibu kwa jina la Zeina, lisomwe mbele ya watu. Ukikataa, vilevile liandike kwa Zeina, nami sitakuwa na hasira nawe popote nitakapokuwa.

Usidhani upweke umekwisha. Wakishateka huondoka, wana kazi zao, na kuanzia adhuhuri nyumba hurudi kuwa kubwa. Ila asubuhi nasikia kamba ikikwaruza ukingo, na Zeina akigombana na watu kama mlivyokuwa mkigombana. Hufumba macho, nikawahesabu ninyi wawili.

Nisalimie mwanao Farjallah na mkewe, na yule mwenye paji la baba. Zeina anakusalimu, na amesema machozi aliyokulilia bure anakudai, kwa hiyo usife kabla yake.

Mwikali jana aliniuliza, huku akicheka, "Sasa mzee, na huu mlango uko wazi kila siku, siku ile yenyewe tutajuaje?" Nikamwambia asitazame mlango. Atazame mtungi. Siku atakayoukuta umejaa hadi shingoni, na kikombe changu cha kila alfajiri juu yake kikavu, aite watu. Na nimemwagiza kuwa siku hiyo asinunue maji.

Mola akuhifadhi mahali ulipo, na siku yako ikifika nawe upate wa kukumiminia ya kwanza.

Wako akupendaye,
kaka yako Salmin.