Inchi Tatu za Gari la Mnyapara

Jumapili, 3 Agosti

Leo ni mwaka mmoja, miezi minne na siku tisa tangu nitoke nyumbani. Nimehesabu mara mbili kwenye kalenda ya ukutani. Cheche, mchomeleaji ninayelala naye chumba kimoja, kanicheka. Kasema wanaohesabu hivyo ni wafungwa. Nikamjibu mfungwa analala bure na chakula analetewa. Akasema, kwani sisi je? Kweli — sisi je!

Dada kapiga simu. Madaktari wa macho wanakuja hospitali ya kwetu tarehe 18, watakaa siku tano tu na kuondoka. Mama ameandikishwa Jumatano, tarehe 20. Lakini kagoma. Mwaka jana alighairi, mwezi wa pili alighairi, na safari hii anasema haingii mpaka mimi niwepo. Ati akifumbuliwa macho amwone nani kwanza, nesi? Dada anasema ukungu umeshalifunika na jicho la pili. Juzi alimimina chai pembeni ya kikombe, akalaumu kikombe kuwa kimetoboka.

Safari hii lazima niende. Mnyapara ameniahidi likizo. Ijumaa ya tarehe 15 anashuka mjini na gari lake, na mimi nimo. Gari jingine la kututoa hapa hakuna. Mabomba ya maji tunayoyalaza yameshafika huku milimani, na kutoka kambini hadi lami ni saa tano za mawe matupu.

Likizo yenyewe niliipata kwa gari hilohilo. Mnyapara tunamwita Inchi — si kwa sababu ya kimo, ingawa kimo nacho hakikumpendelea, bali kwa sababu kila kitu anakipima. Gari lake ni foo-wili kuukuu, lilikuwa likisugua tumbo kwenye mawe. Nikajitia kimbelembele, nikasema naweza kuliinua. Mimi ni kibarua wa mtaro, shule niliiachia darasa la sita, lakini niliosha vyuma gereji miaka miwili, na anayeosha anaona. Cheche akakata pete za chuma, nikazipachika juu ya springi, gari likapanda inchi tatu. Likasimama kama ngamia! Inchi alizunguka nalo kambi mara tatu, kiwiko nje dirishani. Aliposhuka alinishika bega akasema mwezi ujao utamwona mama yako.

Tangu hapo wananiita fundi. Jina tamu hilo.

Jumanne, 5 Agosti

Nimeamka kabla ya wote, nikachungulia chini ya gari. Grisi! Nyeusi, mbichi, imerushwa upande wa ndani wa gurudumu la mbele kulia. Raba ya shafti imepasuka tena. Ni ile raba yenye mikunjomikunjo inayovishwa maungio ya shafti ili grisi isitoke na mchanga usiingie. Ya kwanza ilipasuka siku nane baada ya kuinua gari. Nikamwambia Inchi ni miiba, akaleta mbili mpya kutoka mjini. Moja nikaifunga, nyingine iko stoo. Niliyofunga haijamaliza hata wiki mbili.

Mwiba siuoni. Imepasukia kwenye mkunjo, kama iliyopitiwa na wembe.

Nimechukua kitambaa nikaifuta grisi yote. Sijamwambia mtu. Zimebaki siku kumi tu.

Jumatano, 6 Agosti

Nimefuta tena asubuhi.

Mchana nimepanda na Inchi kwenda kuchukua saruji. Kila akikata kona kushoto, gari linalia huko mbele: ta-ta-ta-ta. Mpishi wetu alikuwa kiti cha nyuma. Kauliza, bosi, gari lako linatafuna mifupa? Inchi kasema ni mawe. Akaongeza redio. Nami nikasema ni mawe.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimepanda juu ya rundo la mabomba, ndipo mtandao unaposhika, nikampigia yule mzee aliyenifundisha gereji. Kabla sijamaliza kaniuliza nimeinua inchi ngapi. Nikasema tatu. Mkwaruzo tu. Nikadhani simu imekata.

Kumbe anacheka! Akasema, mwanangu, raba hazina kosa. Ukimshonea mtu shati halafu ukamwambia aishi mikono juu, kwapa litachanika tu. Utashona, litachanika. Utanunua jingine, litachanika. Kosa si la shati. Shafti nimezilaza mteremko ambao hazikuumbiwa, mikunjo inasuguana hadi inakatika. Akasema punguza nusu ya zile pete. Na akaniuliza tangu gari lianze kulia ni siku ngapi. Nikamwambia. Hapo hakucheka. Kasema maungio yakishakula mchanga, siku yoyote shafti inaachia, na itachagua mlimani.

Nimeshuka kwenye mabomba. Miiba! Nilimwambia mtu mzima ni miiba.

Jumapili, 10 Agosti

Mapumziko. Nimefua nguo mbili za safari, nimeshona mkanda wa begi. Mikono ikifanya kazi, kichwa kinapiga hesabu yake.

Hesabu ni hii. Raba moja iko stoo. Nikiifunga Alhamisi na grisi mpya, kelele itapungua, na gari litatufikisha lami Ijumaa. Jumapili napanda basi. Mabasi ya kwetu ni mawili tu kwa wiki, Jumapili na Jumanne, na njiani ni siku mbili. Jumanne jioni niko kwa mama, Jumatano anaingia. Inakwenda sawa kabisa.

Sasa upande wa pili wa hesabu. Inchi atarudi kambini na gari hilohilo, mlima ule wote, akiwa na mzigo nyuma. Nami nitakuwa mbali.

Nikimwambia, gari linashushwa, siku zinapita, na atauliza nani alimwambia ni miiba. Likizo aliitoa kwa furaha ya kupandishiwa gari. Furaha ikiisha?

Cheche kaniuliza mbona sili. Nikasema tumbo.

Jumatatu, 11 Agosti

Mpishi kanisimamisha wakati napeleka sahani. Kasema Ijumaa naye anashuka na sisi, ana mwanawe wa kike wa miaka sita, shule zimefungwa, bibi yake atamleta hadi mjini. Ameshaomba ruhusa kwa Inchi akae naye wiki tatu. Kamtandikia na kigodoro karibu na kitanda chake. Kanionyesha! Kidogo, kimevishwa shuka ya kijani. Kasema, fundi, miezi saba sijamgusa yule. Halafu kanitania: wewe unakwenda kulelewa na mama, mimi nakuja kulea.

Kwa hiyo wakati wa kurudi watakuwa watatu garini. Mmoja wao mtoto.

Nilisema hongera.

Jumanne, 12 Agosti

Nimemwambia.

Nilimkuta amesimama kwenye kigoda chake, maana tangu gari lipande hawezi kuingia bila kigoda. Nikasema, bosi, shuka kwanza. Akashuka. Nikamwambia raba imepasuka. Akasema haya, si kuna nyingine stoo. Nikamwambia hapana, ile nayo itapasuka, na itakayofuata, kwa sababu tatizo si miiba, tatizo ni inchi tatu. Nikamweleza ya shati na kwapa. Alikuwa anasikiliza, kichwa upande. Nikaona kama yatakwisha kirahisi.

Akauliza, tangu lini? Nikasema tangu Jumanne iliyopita.

Akapiga magoti, akachungulia. Akainuka na vumbi magotini. Akauliza, na mimi kila siku nalizunguka gari hili kabla ya kuondoka, mbona grisi sijaiona?

Nikasema nilikuwa naifuta.

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Kasema: "Kuinua tuliinua wote wawili, nami nilitaka zaidi yako. Lakini kufuta umefuta peke yako." Akachukua kigoda chake akaenda ofisini.

Cheche kaja kaniambia mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Halafu akaniambia pole.

Jioni Inchi karudi. Kasema lishushwe. Kasema magoti yake yenyewe yamechoka kupanda ngazi ndipo aendeshe. Sikucheka, maana sikujua kama naruhusiwa. Habari ya likizo hakuitaja. Nami sikuuliza.

Jumatano, 13 Agosti

Gari liko juu ya magogo. Cheche amezipunguza pete, zitabakia na inchi moja na nusu. Nimeitoa shafti ya kulia. Nilipofungua maungio nilisikia kuumwa mwenyewe. Mle ndani ni matope ya grisi na mchanga, gololi zimeliwa, moja ina kidonda kama jino bovu. Ya kushoto ni nzima, tunashukuru.

Nimempelekea Inchi ile gololi kiganjani. Akaigeuzageuza. Akachukua kipimo chake akaipima! Halafu akapiga simu mjini. Shafti ipo, itakuja Jumamosi na lori la mabomba. Lori lenyewe likishusha hapa linakwenda kambi ya mbele, halirudi mjini mpaka wiki ijayo. Kwa hiyo njia ya kutoka bado ni gari hili.

Nimemwomba mpishi msamaha. Alijua tayari, Cheche hana siri. Alikuwa anaosha sufuria, hakugeuka. Kasema ungetuacha tupande? Nikasema nilifikiria. Akasugua kwa muda mrefu. Mwishowe kasema kaa ule, chakula kinapoa.

Alhamisi, 14 Agosti

Juu ya mabomba tena. Nimemweleza dada kila kitu, na grisi. Kasema wewe tangu utoto ukivunja kitu unakifunika na ungo. Mama alikuwa karibu, akanyang'anya simu. Hakutaka habari za raba. Kaniuliza nimekonda? Nikasema kidogo. Kasema usinidanganye, sauti yako imekonda. Nikamsihi aingie Jumatano, nikiwepo nisiwepo. Kasema tutaona. Neno lake hilo miaka yote lina maana ya hapana.

Ijumaa, 15 Agosti

Ndiyo siku tuliyokuwa tuondoke. Nimechimba mtaro na wenzangu, kwa hiari yangu. Hakuna aliyeniita fundi.

Inchi kapita akapima kina. Kasema, bila kunitazama, ukimaliza gari vizuri tunaondoka Jumapili alfajiri, basi lako linapita lami saa nane mchana. Basi *lako* — kasema hivyo!

Nimechimba mpaka jua likazama, sikusikia mgongo.

Jumamosi, 16 Agosti

Saa tisa mchana. Naandika nimekaa kwenye tairi, mikono imejaa grisi, karatasi imechafuka.

Lori lilichelewa, limefika saa saba. Shafti ni yenyewe, nimeilinganisha na ya zamani jino kwa jino. Pete zilizopunguzwa zimeingia. Nimelala chini nikatazama shafti zinavyokaa: mteremko mdogo, mikunjo ya raba imepumua. Yule mzee angefurahi.

Kulia tayari. Tatizo liko kushoto. Shafti yenyewe ni nzima, lakini raba yake nayo imeanza kukatika mikunjoni, inataka ile iliyobaki stoo, na ili niitoe shafti lazima nifungue nati kubwa ya katikati ya gurudumu. Imegoma. Kutu ya miaka. Nimeimwagia mafuta, nimeigonga, nimechomeka bomba refu kwenye mpini wa spana nikaning'inia. Wapi! Cheche kaning'inia. Spana ikateleza, akaenda chini chali, mpishi akacheka mpaka akashika mlango. Inchi ametazama, akavua saa yake, akavua na kipimo chake kiunoni, ambacho hajawahi kukivua mbele yetu. Sasa yuko pale amekalia ncha ya bomba kama mtu aliyepanda ubao wa kubembea, wenzangu watatu wamemshika mabega, wanarukaruka pamoja naye. Wamenipumzisha dakika kumi.

Nikazitumia kupanda juu ya mabomba na kumpigia dada. Nikamwambia ukweli ulivyo: nati ikikubali leo, nitalipata basi la kesho. Isipokubali, ni la Jumanne, nami nitafika Alhamisi, mama akiwa ameshapasuliwa. Dada kasema ameshawauliza wahudumu wa hospitali. Wanasema bandeji inatolewa Alhamisi asubuhi, hakuna kungoja mtu. Na hilo basi huingia jioni.

Nikamsikia mama nyuma yake anauliza nimesema nini. Dada akamrudia yote. Nami huku nikamsikia Inchi anahesabu moja, mbili, tatu, rukeni!

Mama kasema ataingia Jumatano. Wakiitoa hiyo bandeji yao asubuhi, waitoe tu. Yeye atafumba macho mpaka jioni.

Wananiita. Nafika Jumanne jioni. Nati ikikataa, Alhamisi jioni.