Pasi Iliyosingiziwa

Gitega, Kigali

Mjukuu wangu Sada,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Mama yako hajambo, babu yako bado analalamikia goti. Umeniuliza kama unaweza kuunga waya wa taa wenye nyuzi nyingi na ule wa ukutani wenye uzi mmoja mgumu, kwa kuzisokota tu na kufunga tepu, maana ni rahisi.

Mwaka 1991 dada yangu Zaituni, mshonaji, alipanga nyumba hapa Gitega. Mwenye nyumba aliunga waya za darini hivyo hivyo. Fundi umeme alimwonya, "Mzee, weka domino, kile kiplastiki chenye skrubu. Hapa patalegea, patashika moto."

"Tepu inatosha," akajibu.

Mchana mmoja dari iliwaka. Zaituni aliwatoa watoto, lakini cherehani na nguo za wateja ziliteketea. Mwenye nyumba akatangaza kwamba mpangaji aliacha pasi ikiwaka. Pasi hiyo ilikuwa kwangu, nilikuwa nimeiazima! Nililisema hilo mbele ya majirani, wakainamisha vichwa. Wote walikuwa wapangaji wa mwenye nyumba huyo.

Kwa hiyo nunua domino, bei yake ni ndogo. Zima swichi kuu kwanza, sokota nyuzi za waya wa taa ziwe kitu kimoja, ingiza kila waya upande wake wa domino, kaza skrubu, kisha vuta kila waya uone kama unatoka. Mwisho ifunike domino ndani ya kiboksi.

Zaituni tulimpoteza mwaka 1994. Juzi sokoni mama mmoja aliniuliza, "Wewe si ndugu yake yule aliyechoma nyumba?"

Akulinde Mungu.

Bibi yako,
Mwajuma