Mbili ya Mama Mkwe

Jumatano, 5 Septemba 1984
Aibu! Leo kisimani Kabati nimekutana na mama ya Syombua, bibi yangu wa tatu. Mama mkwe! Nimemzidi miaka, lakini mkwe ni mkwe, hatuonani uso. Nikakimbia. Mimi, niliyefukuza simba Mtito Andei kwa kofia! Ng'ombe wamerudi bila kunywa. Ni hii zamu: kijiji chetu kila siku ya nne, chao kila siku ya sita. Leo zimeangukiana. Na ukame huu, ng'ombe wakikosa tena maji, nawazika.

Ijumaa, 7 Septemba
Nimepeleka hiyo shida kwa ngumbaru, darasa letu la wazee. Mwalimu Nthenya akafurahi, akaandika ubaoni. Pasua namba mpaka zibaki zile hazipasuki: nne ni mbili mara mbili, sita ni mbili mara tatu. Ukizidisha, utajua siku mtakutana tena. Rahisi! Mbili mara mbili mara mbili mara tatu — ishirini na nne. Nimemaliza kabla ya wote.
Mwalimu akasema hapana, mzee Nzuki, kuna mbili moja mko nayo nyote wawili, iandike mara moja tu. Ni siku kumi na mbili.
Mimi na mama mkwe, kitu kimoja? Nikamuuliza, mwalimu, umeolewa wapi huko hakuna adabu? Mbili yake ni yake! Wazee wote wakapiga makofi. Yeye akacheka tu. Haya, mzee, ng'ombe ni wako.

Alhamisi, 13 Septemba
Nimenyweshea vizuri. Mama mkwe hakuna. Mulei jirani akauliza nimejuaje. Nikamwambia hesabu iko kwa damu.

Jumatatu, 17 Septemba
Kumi na mbili.
Niko nyuma ya kichaka. Mama mkwe yuko kichaka cha ng'ambo — pia amekimbia! Kisima katikati, hakuna anayechota. Ng'ombe wanalia. Nimetoa kitabu hiki niandike, nifanye nini ingine?
Sasa anaongea na punda wake, kwa sauti. Punda, ambia huyo mtu miguu yake inaonekana.
Nikaambia ng'ombe wangu: ambieni punda amwambie mama achote kwanza, mimi nimefunga macho.
Punda, muulize, na ng'ombe atachungaje na macho imefungwa?
Huyu mama!
Eh — ng'ombe mmoja ameanguka. Ule mkubwa. Hainuki. Hiyo ni kazi ya watu wawili, mmoja pembe, mmoja mkia. Mulei hayuko.
Halafu namsikia: punda, wewe huna mikono.
Ndala zinakuja upande huu. Wacha nishike pembe, niangalie chini —