Kukompile Katikati ya Matanga

Jumatatu, 3 Novemba 2025
Sauti ya kompyuta imekwama tena. Inamusomea baba ukurasa wa kwanza muzuri, ikifika wa pili inanyamaza. Tangu macho yake yazimike, ni hii programu inamusomea masomo ya historia anayofundisha. Prefe, mukubwa wa shule, amemwambia: juma ijayo, kama hawezi kutayarisha masomo peke yake, saa zake anapewa Serge. Serge anafundisha sport.

Jumanne, 4
Mufundi wa programu, mutu wa mbali, amejibu. Kosa amelitengeneza, lakini katika toleo la majaribio tu. Lazima nichukue kodi, yale maandishi ya ndani ya programu, niikompile mwenyewe, yaani niigeuze kuwa programu inayotumika, nimwambie kama inatembea. Akikosa jibu kufika Ijumaa, tengenezo hilo analiacha nje ya toleo la wote. Inaonekana mutu wa kujibu ni mimi. Kodi imekula karibu mega zote za intaneti ya duka langu.

Jumatano, 5
Inakompile — inakataa — naanza upya. Kosa langu: nilimwambia baba kwamba kukompile ni kama kupika. Sasa anauliza kila mara kama imeiva. Mama Odile, muuza mafuta, naye amepita kuuliza. Sijui alifikiri ni chakula gani.

Alhamisi, 6
Mama Hidaya, jirani, amefariki. Ni yeye alinifundisha kusuka. Nimelia sana.
Kisha vijana wakaja kuchukua batri ya duka, kwa taa na mikro ya kusemea ya matanga. Kitu cha matanga hakikataliwi. Mama yangu alipokufa tulikalia viti vya kwa Mama Hidaya. Mashini ilikuwa katikati ya kukompile. Nikasema, chukueni. Ikazimika.
 Baba aliuliza tu kanzu yake iko wapi.

Ijumaa, 7
Nimefuata batri yangu. Niko matangani, kati ya wanawake wanaotwanga sombe, majani ya muhogo, na mashini kwa magoti, inakompile upya. Shangazi wa marehemu ananiangalia vibaya. Hamadi, mutoto wa marehemu, amesema aniache.
Imeiva wakati wanaume, na baba kati yao, wanarudi kutoka muskitini. Kujaribu kunataka maandishi marefu. Hamadi alikuwa ameandika maisha ya mama yake, kurasa mbili na kitu, na kila akianza kusoma analia. Akasema, basi mashini isome.
Ikasoma. Alizaliwa Wamaza, akaolewa hapa, akauza chumvi. Ukurasa wa kwanza ukaisha. Ikanyamaza. Baba akainua mukono ili tusiseme.
Ikaendelea na wa pili. Baba akafunika uso na kofia yake.
Sasa ni karibu magaribi. Mufundi hajapata jibu — mutandao uko dukani. Nimesimama mara mbili niondoke, niende kumujibu. Shangazi ameshika waya wa batri. Anataka isome tena, toka Wamaza.