Gazeti ya Kesho

Siku ya kwanza, 4 Septemba 1950

Kamyo imefika, matope mpaka ku milango. Gunia ya posta ni mimi naibeba mpaka depo, ni mimi naifungula. Magazeti sita ya Bruxelles, juma nzima. Gazeti ya kila siku! Hapa Masisi gazeti ya kila siku inafika mara moja kwa juma, tena imechelewa siku kumi na mbili.

Bwana wetu ya biro, muzungu, bantu yote wanamwita Bwana Gome, sababu ile gome ya kufuta maandishi haitoke mu vidole vyake. Anaandika neno moja, anafuta mawili. Magazeti anayapanga kwa tarehe mu sanduku ya meza. Kila asubuhi moja. Anakunywa kahawa, anasema: haya, tuone habari ya leo! Ya leo! Wenye kufa mu habari yake wamekwisha kuzikwa na matanga imeisha. Na gazeti ya kesho hakuna muntu kuigusa, hata yeye mwenyewe. Kila siku na gazeti yake, njo sheria.

Kiisha anafika ku ukurasa ya nyuma: mo kruaze. Ile tusanduku tudogo, unatafuta neno, unaweka herufi moja moja. Jibu ya leo inatoka mu gazeti ya kesho. Na mimi, mbele ya kumupelekea magazeti, nafungula yote ndani ya depo, naandika majibu ku kikaratasi, nayakunja tena vizuri.

Acha nicheke kidogo.

Siku ya pili, 5 Septemba

"Straton! Ndege ya Australie, hairuke, herufi ine!"

Émeu. Nalijua tangu jana. Ile ndege sijaiona na sitaiona, lakini mwaka huu nimeshamupa Bwana Gome mara tatu.

Kujibu mbio ni ujinga. Hii kazi iko na ufundi yake. Kwanza unaangalia dari. Unahesabu mpaka makumi mbili. Unakuna kichwa. Kiisha unatoa jibu ya kijinga: "Ni kuku, Bwana?" Hapo anacheka mpaka miwani inaanguka, anafurahi, anajisikia muzungu kabisa. Njo sasa unasema polepole: "Ao... émeu?" Akafuta, akaandika. Ati yeye pia alikuwa karibu. Karibu! Alikuwa ameandika paon, njo tausi.

Leo maneno saba. Saa sita akapita kwa jirani yake mwenye shamba ya maua ya pyrèthre, akajisifu kwamba amemaliza yote mbele kahawa haijapoa.

Drocella, bibi yangu, nilimusimulia ya kuku na ya dari. Ya depo sikumuambia. Anasema: "Kumbe Leta, serikali nzima, inakulipa juu ya kukuna kichwa."

Acheke. Mimi najua nataka nini. Nataka kadi, ile ya mérite civique, yenye Leta inapatia muntu mweusi mwenye "maendeleo". Muntu mwenye kadi hapigwe fimbo. Sina haja na maneno mazuri yenye kuandikwa juu yake. Miaka mbili imepita, Bwana mwenye alikuwa hapa mbele ya Gome alinipigisha fimbo ine juu ya dosye moja ya makaratasi yenye kupotea. Mbele ya biro, saa sita, bantu wakipita. Drocella alikuwa ameniletea chakula. Akaweka kitunga chini, akaangalia majani. Mpaka leo hajue kama nilimuona. Dosye ilionekana kesho yake, chini ya kiti ya Bwana mwenyewe.

Kadi inaomba barua ya Bwana. Gome ameahidi.

Siku ya ine, 7 Septemba

Barua imeenda! Ni Polycarpe, karani mwenzangu ya mashini ya kuandika, aliipiga. Alinisomea pembeni. Inasema niko muntu ya adabu, bibi moja, nyumba safi. Inasema tena kwamba mo kruaze ya Bruxelles naimaliza peke yangu, bila musaada ya muntu yeyote. Tulicheka mpaka Polycarpe akafunga mulango.

Kiisha akasoma mustari ya mwisho. Mukubwa ya komisio yenye kutoa kadi, ule wa muji ya Costermansville, naye anapenda mo kruaze sana. Watafika siku ya posho, njo Jumamosi, tarehe 16, waangalie nyumba. Na Bwana Gome anamukaribisha anijaribu yeye mwenyewe.

Kicheko ikakatika.

Siku ya posho, 9 Septemba

Kichwa inaniuma. Kila siku ya posho kichwa inaniuma, biro yote inajua. Gazeti ya siku ya posho njo ya mwisho mu gunia, jibu yake inafika na kamyo ya siku ya kwanza, njo maana. Nimelala, nimejifunika. Drocella ameniletea maziwa, ananiangalia sana.

Siku ya kwanza, 11 Septemba

Hakuna kamyo. Imezama mu matope hapa mbele ya Sake. Hakuna magazeti, hakuna kikaratasi. Bwana Gome ameniita mara tano juu ya mo kruaze ya siku ya posho, nimesema niko na homa.

Nimemuambia Drocella yote. Depo, kikaratasi, kichwa ya siku ya posho. Alicheka mpaka akashika mulango. "Yesu Maria! Nimebeba maziwa miezi munane kwa mugonjwa ya bure!" Kiisha akapangusa macho. Akasema: "Uende kwa Bwana, useme: sijue."

Maskini, hajue biro. Nikisema sijue, barua ya Bwana inakuwa uongo. Na ku Leta muzungu hasemake uongo. Watasema ni mimi nilimudanganya. Na kumudanganya Bwana, kila muntu anajua dawa yake.

"Basi ikala chini," anasema. "Ulete yale magazeti ya zamani. Utajifunza."

Siku ya tatu, 13 Septemba

Iko aibu. Karani wa Leta, miaka sita mu masomo, na anashindwa na bibi yake mbele ya sufuria ya maharagi! Drocella alisoma kwa Masista miaka ine tu. Lakini kila gazeti yenye kufunga chumvi, yeye anaisoma mbele ya kuichoma. Ananisomea swali, mimi nahema. Jana nilipata maneno ine, yeye kumi. Anasema: "Angalia dari, pengine iko pale."

Kiisha leo swali moja: inapanda muti, herufi saba. Nikasema nyani. Nikasema nyoka. Yeye akavuta mudomo tu. Nikafikiri Nyamitaba, shamba ya mama yangu, mimi mutoto nikichoma fito mu udongo juu maharagi ipande. Haricot! Nikahesabu ku vidole. Saba!

Niliruka. Kweli niliruka, muntu muzima. Miezi yote hii napeleka majibu kwa Bwana na sijawahi kusikia furaha kama ile. Drocella anasema shamba ya mama imenisaidia kuliko depo ya Leta.

Siku ya tano, 15 Septemba

Jana maneno tisa. Leo kumi na moja. Swali ziko makumi tatu na kitu. Bwana Gome alipita nyumbani, akahesabu makanya, zile uma za kulia ku meza: tatu. Akasema komisio inapenda sita. Tumeazima kwa Polycarpe. Hakuna muntu ndani ya nyumba hii anajua kuzitumia.

Siku ya posho, 16 Septemba

Niko naandika hapa hapa ku meza. Mukubwa alisema nichukue karatasi ya kujaribia. Karatasi yangu njo kaye hii, daftari yangu ya kila siku. Akiniona kwa dirisha, ataona karani anafikiri.

Walifika saa tatu na jipe. Bazungu watatu, na Bwana Gome ine. Walihesabu makanya. Walifungula kitanda. Waliuliza Drocella kama tunakula pamoja ku meza, akajibu kwa kifaransa safi kwamba ndiyo, kila siku. Uongo mutupu, na hakupepesa hata jicho.

Mukubwa ni mzee munene, iko na upole, ananiita Monsieur. Akatoa magazeti mbili mu sakoshi, zimetoka ku ndege juzi. Moja akaiweka mbele yangu. Ile yenye kufuata, yenye majibu, akaiweka ku ncha ya meza, akaifunika na kofia yake. Akacheka: tutaifungula pamoja. Nusu saa. Hakusema maneno ngapi inatosha. Kiisha wakatoka kuona choo na shamba, Drocella mbele.

Nimepata tisa. Tisa! Moja ni mufalme wa zamani, moja ni chombo ya fundi viatu. Hakuna muntu aliyeninongonea. Jasho inatoka na niko nafurahi kama mupumbavu. Inabaki makumi mbili na saba.

Sasa hivi Bwana Gome amekuja ku dirisha. Uso nyekundu.

"Ngapi?"

"Tisa, Bwana."

Akafunga macho. Kiisha kwa sauti ndogo: "Fungula ile gazeti. Kama unavyofanyaka mu depo."

Anajua! Nikamuuliza tangu lini. Ati tangu mwezi ya kwanza. Miezi yote hii! Mimi naangalia dari, yeye anacheka kuku, nani alikuwa anacheza na nani? Macho yake safi, hajafungula gazeti ya kesho hata siku moja. Vidole vyangu njo vilikuwa vinafungula kwa ajili yake.

Nikamuambia: "Bwana, kofia iko karibu na weye. Unyooshe tu mukono, ufungule."

Akaniangalia kama nimemutukana. "Mimi? Ile ni gazeti ya mukubwa. Mimi siwezi."

Nje Drocella anawaonyesha kuku, moja moja, kila moja na jina. Kuku yetu haina majina! Ananitafutia dakika, sijue anafikiri nitazifanyia nini. Mukubwa anacheka. Sauti yake inakaribia.

Nikifungula, mwizi ni mimi. Nisipofungula, muongo ni yeye, na siku ya kwanza asubuhi niko mu biro yake, fimbo iko inaningoja. Ao pengine tisa inamutosha ule mzee. Nani anajua?

Bwana Gome amenigeuzia mugongo. Anaangalia vilima, anapiga miluzi. Hataki kuona. Anauliza bila kugeuka: "Umekwisha?"

Kofia iko palepale. Niko naandika.